Kidonge Kipya cha Sukari na Wiki Zake za Mwanzo

Wengi wanaoacha dawa ya kisukari huiacha mapema, pengine kabla pakiti ya kwanza haijaisha. Mtu ametoka kliniki Jumatatu na metformini mkononi. Siku ya tatu tumbo linanguruma, siku ya tano anaharisha, siku ya saba yuko kwenye daladala la kutoka Mbagala kwenda Kariakoo na inambidi ashuke njiani kutafuta choo. Jioni hiyo pakiti inaingia kwenye droo ya kabati, na hamwambii mtu. Tarehe yake ya kurudi kliniki iko miezi mitatu mbele. Atakapofika, sukari itasoma 16, na daktari mwenye foleni mlangoni ataandika dozi kubwa zaidi, au ataongeza dawa ya pili juu ya ile ambayo haikumezwa.

Nimeyasikia haya kwa ndugu, kwa majirani na kwa watu niliokaa nao kwenye mabenchi ya kliniki, na sikubali kwamba ni ukaidi wa wagonjwa. Tunatumia nguvu nyingi kumpima mtu na kumwambia ana ugonjwa gani, kisha siku anayoanzishiwa dawa anapewa dakika mbili, mwandiko usiosomeka na maneno "kutwa mara mbili". Hajaambiwa dawa inafanya nini mwilini, itamsumbua vipi mwanzoni, usumbufu huo utakwisha lini, na dalili gani ndiyo ya kukimbilia hospitali. Huko ndiko tunakowapotezea watu.

Na watu wenyewe si wachache tena. Miaka ya 1980 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walipima wanavijiji wa Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kisukari kwa chini ya mtu mmoja katika kila 100. Mwaka 2012, utafiti wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1. Tafiti hizo hazikupima watu walewale wala kwa njia ileile, lakini aliyekaa Dar es Salaam, Moshi au Unguja kwa miaka hiyo yote hahitaji takwimu kujua mambo yamebadilika. Karibu kila ukoo una mtu anayebeba kadi ya kliniki ya sukari.

Dawa ya kwanza, kwa wengi wetu, ni metformini. Asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, ambao kemikali zake ziliwafanya wanasayansi watengeneze dawa za jamii hiyo. Daktari Jean Sterne wa Paris ndiye aliyechapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Marekani iliikubali miaka ya 1990 tu. Kilichoipa heshima kubwa ni utafiti mrefu wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998: kati ya wagonjwa wenye uzito mkubwa, 342 waliopewa metformini walionekana kuwa na vifo vinavyotokana na kisukari pungufu kwa asilimia 42, wakilinganishwa na walioelekezwa zaidi kwenye mlo. Ni dawa ya bei nafuu, na ikitumiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi.

Kazi yake kubwa iko kwenye ini. Usiku, mtu akiwa hajala, ini hutoa sukari kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula. Kwa mwenye kisukari aina ya pili, ini hilo huendelea kutoa sukari hata damu ikiwa imejaa. Ndiyo maana mtu analala bila kula, kwa hofu ya sukari, halafu anaamka na 11 na kuanza kuwashuku watoto kwamba wamemwekea sukari kwenye chai. Metformini hulituliza ini lisitoe sukari ovyo, na huusaidia mwili kuitumia insulini uliyo nayo. Ukimweleza mgonjwa hivyo, anaelewa kwa nini kidonge kinahitajika hata siku ambayo hakugusa wali.

Shida yake ni tumbo. Kuharisha, kichefuchefu, gesi, na ladha kama ya chuma mdomoni vinaweza kumpata hata mtu mmoja kati ya wanne wanaoianza. Kwa wengi hali hiyo hupungua baada ya wiki mbili tatu, na huwa nyepesi zaidi dawa ikianzwa taratibu: kidonge kimoja cha miligramu 500 na chakula cha jioni kwa wiki ya kwanza, kisha cha pili na chakula cha asubuhi, na kuendelea hivyo kwa hatua hadi dozi aliyoikusudia daktari, ambayo kwa wengi ni miligramu 1000 mara mbili kwa siku. Kumpa mtu dozi kamili siku ya kwanza ni kumwandalia sababu ya kuiacha. Na mtu akiambiwa ameze na chakula, maana yake ni katikati ya chakula au mara tu amalizapo. Kidonge na chai ya rangi saa kumi na mbili alfajiri, halafu chakula saa saba mchana, hakihesabiki.

Asiyeivumilia hata baada ya hayo yote ana njia nyingine kabla ya kukata tamaa. Kuna metformini inayoachia dawa polepole, na watu wengi ambao matumbo yao yaliikataa ile ya kawaida huiweza hii. Haitafunwi wala haipondwi. Wakati mwingine ganda lake hutoka chooni likiwa bado na umbo la kidonge, na nimemsikia mama akisema dawa "inapita tu" bila kufanya kazi. Dawa ilishaingia mwilini. Kinachotoka ni ganda tupu. Sentensi moja ya mfamasia dirishani ingemwondolea wasiwasi wote huo.

Kuna jingine la miaka ya baadaye ambalo linafaa kusemwa tangu mwanzo. Metformini ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Upungufu huo huleta ganzi na kuchomachoma miguuni, na ni rahisi kudhani kwamba ni kisukari kimeshaharibu mishipa ya fahamu. Mwenye ganzi miguuni na miaka mingi ya metformini anayo haki ya kuuliza kama B12 yake imewahi kupimwa.

Lakini linalowatoa watu kwenye dawa kuliko tumbo ni maneno haya: "Hizo dawa zinamaliza figo." Yanasemwa misibani, saluni, vibarazani, na yanasemwa na watu wenye nia njema kabisa. Ushahidi wanaoutoa ni wa macho: fulani alimeza vidonge miaka kumi, leo yuko kwenye mashine ya kusafisha damu. Wanachokiona ni kweli, ila sababu wanaibandika pasipo pake. Sukari iliyo juu kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya figo, na shinikizo la damu huongeza uharibifu huo. Kisukari ni miongoni mwa sababu kuu za figo kushindwa kazi duniani. Vidonge viliandamana na ugonjwa, ugonjwa ukala figo, lawama ikaangukia vidonge kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana.

Uhusiano wa kweli wa metformini na figo ni kwamba dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Figo zikiwa zimeshadhoofika, dawa hurundikana, na kwa nadra damu inaweza kujaa asidi ya laktiki, hali ya hatari sana. Dawa ya jamii moja nayo, fenformini, iliondolewa sokoni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu hiyo, na nadhani sehemu ya hofu iliyobaki ilirithiwa kutoka kwake. Ndiyo maana kipimo cha kreatinini hufanywa kabla ya kuanza na kurudiwa walau kila mwaka. Kutokana nacho daktari hukadiria uwezo wa figo kuchuja: ukishuka chini ya 45 dozi hupunguzwa, ukishuka chini ya 30 metformini husimamishwa. Mgonjwa anayeambiwa namba yake ya figo, na kuonyeshwa inavyokwenda mwaka hadi mwaka, hana sababu ya kuishi kwa uvumi.

Kwa sababu hiyohiyo, ukishikwa na kutapika na kuharisha kwa nguvu hadi maji yanakwisha mwilini, wasiliana na kituo chako kuhusu kuisimamisha metformini hadi utakapokula na kunywa vizuri. Mwambie pia daktari kwamba unaitumia kabla ya kipimo cha picha kinachotumia dawa ya rangi ya kuchomwa kwenye mshipa.

Wiki za mwanzo zina mambo mawili mengine ambayo hayasemwi sana, nayo huwatisha watu bure. La kwanza ni kutetemeka. Mwili uliozoea kuishi na sukari ya 18 kwa miezi au miaka huiona 8 kuwa ni njaa. Mtu anatokwa jasho, moyo unamdunda, anapima na kukuta 7.5, anasema dawa inamuua. Kwa kipimo hicho hayuko hatarini. Mwili unazoea upya, na hali hiyo hupungua siku zinavyokwenda. La pili ni macho. Sukari inaposhuka, lenzi ya jicho hubadilika umbo, na kwa wiki chache maandishi yanaweza kufifia. Asikimbilie kutengenezesha miwani, kwa kuwa baada ya mwezi au miwili huenda isimfae. Ila uchunguzi wa ndani ya jicho ni jambo jingine, na unatakiwa ufanywe mapema kwa kila anayegundulika na kisukari aina ya pili.

Siku daktari anapoongeza dawa ya pili, wengi hutoka wameinamisha kichwa kana kwamba wamefeli mtihani. Si haki waondoke hivyo. Utafiti uleule wa Uingereza ulikadiria kwamba mtu anapogundulika, kongosho lake limeshapoteza karibu nusu ya uwezo wa kutoa insulini, na uwezo huo uliendelea kupungua kwa miaka iliyofuata. Ugonjwa husogea hata kwa mtu anayekula vizuri na kutembea kila asubuhi. Vivyo hivyo kwa insulini: tumeifanya ionekane hukumu ya mwisho, watu wanaikimbia, na wanaifikia wakiwa wameshachelewa.

Hapa kwetu dawa ya pili kwa kawaida ni ya kundi la glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi. Kundi hili lilianzia Montpellier, Ufaransa, mwaka 1942, Daktari Marcel Janbon alipokuwa akiwatibu wagonjwa wa homa ya matumbo kwa dawa ya jamii ya salfa na kuona sukari zao zinashuka kwa hatari. Dawa hizi hukamua kongosho litoe insulini, na hapo ndipo tofauti kubwa na metformini ilipo: hulikamua hata kama hukula. Kwa hiyo humezwa pamoja na chakula au muda mfupi kabla yake, kama ulivyoelekezwa, na asiyekuwa na uhakika wa mlo lazima amwambie daktari ukweli huo. Fundi wa ujenzi ambaye siku nyingine mchana wake ni maji na sigara, mama lishe anayekula baada ya wateja wote kuondoka, bibi anayefunga Jumatatu na Alhamisi, wote hao kidonge hiki kinaweza kuwaangusha.

Sukari ikishuka chini ya 3.9 ni ya kushughulikiwa papo hapo. Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa kali, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na sababu, maneno kuchanganyika. Kijana anayeona dalili hizo kwa baba yake na hana mashine ya kupimia asisubiri: ampe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, asubiri dakika 15, na dalili zikiwepo bado arudie, kisha ampe chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali mara moja. Na aliyeshuka kwa glibenklamidi akazinduka bado anahitaji kuangaliwa kwa saa nyingi, kwa kuwa dawa hiyo hukaa mwilini na sukari inaweza kushuka tena usiku. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60, na inapendelea gliklazidi. Mwenye mzazi wa umri huo anayeimeza anaweza kuuliza swali hilo kwa adabu kliniki ijayo.

Ninasisitiza kushuka kwa sukari kwa sababu nyumbani hakutambuliki. Bibi akianza kuzungumza yasiyoeleweka usiku wa manane, nyumba nyingi hutafuta maelezo mahali pengine kabla ya kutafuta bakuli la sukari jikoni. Na kuna dawa za kawaida kabisa zinazoweza kuchochea hali hiyo. Septrin, anayoinunua mtu duka la dawa kwa ajili ya mkojo unaochoma, inaweza kuishusha sukari zaidi kwa aliye kwenye glibenklamidi. Siprofloksasini vilevile. Kwinini ya malaria nayo hushusha sukari hata peke yake. Anayetumia ARV zenye dolutegraviri anatakiwa aseme, kwa sababu dolutegraviri huongeza kiwango cha metformini kwenye damu na dozi ya metformini kwa kawaida haivushwi miligramu 1000 kwa siku. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya vidonge vya kundi la glibenklamidi, na kifua kikuu chenyewe huwapata wenye kisukari zaidi ya wengine. Mbegu za uwatu na karela nazo hushusha sukari kwa kiasi; simkatazi mtu chakula cha kwao, naomba tu daktari ajue. Magome ya kuchemsha yasiyo na kipimo ni habari nyingine, na kuyatumia badala ya vidonge ni kucheza na macho, figo na miguu.

Kwa watu wa pwani na visiwani, swali la Ramadhani linapaswa kuja na dawa yenyewe. Wataalamu hushauri mgonjwa amwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, ili ijulikane kama kufunga ni salama kwake na dozi zipangwe upya, mara nyingi kubwa ikihamia kwenye futari na ile ya daku ikipunguzwa. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupanda juu ya 16.6 mchana, afungue. Wanazuoni wengi wamesema kuchoma kidole kwa ajili ya kupima hakubatilishi saumu.

Dawa mpya zaidi nazo zimefika. Empagliflozini na dapagliflozini huitoa sukari kupitia mkojo, na zimethibitika kulinda moyo na figo. Shirika la Afya Duniani lililiingiza kundi hilo kwenye orodha yake mwaka 2021. Anayezianza aambiwe bila aibu kwamba fangasi sehemu za siri zinaweza kumpata na zinatibika, na kwamba asizimeze siku anapotapika au hawezi kula. Sindano za wiki kama semaglutidi ziliongezwa kwenye orodha mwaka 2025, kwa makundi maalumu ya wagonjwa. Huanzwa kwa dozi ndogo sana na kupandishwa mwezi kwa mwezi ili kichefuchefu kisizidi. Bei yake iko mbali na Watanzania wengi, na mwaka 2024 shirika hilo lilitoa tahadhari kuhusu sindano bandia za semaglutidi zenye jina la Ozempic, zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Sindano inayouzwa kupitia simu na kuletwa na bodaboda, isiyojulikana ilikaa wapi bila ubaridi, isichomwe.

Ninachokiomba kwa wanaoendesha kliniki si kigeni kwao. Nchi hii ilishajifunza kwenye tiba ya virusi vya UKIMWI kwamba anayeanza ARV haachwi peke yake mwanzoni: hurudishwa mapema na kuulizwa dawa imemkaaje, na miadi ya mbali huja akishatulia. Mwenye kisukari anastahili vivyo hivyo. Kipimo cha wastani wa sukari hakina maana kubwa kabla ya miezi miwili au mitatu, hilo ni sawa, lakini mgonjwa hahitaji kusubiri kipimo ili aulizwe hali. Simu ya wiki ya pili inaweza kupigwa na muuguzi. Unameza saa ngapi, na chakula gani? Tumbo likoje? Umetetemeka, na ulipotetemeka mashine ilisoma ngapi? Kuna dawa nyingine umeanza? Zimebaki ngapi kwenye pakiti? Akijibu kwamba ameacha tangu Jumatano kwa sababu ya kuharisha, muuguzi anamuuliza daktari, na siku hiyohiyo jibu linarudi: aanze tena na kidonge kimoja, usiku, katikati ya chakula, na apigiwe tena baada ya siku saba.